Karoti Zilizovaa Suruali

Matiri, alasiri, kesho unaondoka

Adelina mwanangu,

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Najua neno "mwanangu" likitoka kwangu linakuchekesha, maana nimekuzidi miaka sita tu, na Jumapili ile yule mama wa kwaya alituuliza kati yetu nani mkubwa. Lakini mama yako ni dada yangu wa kuzaliwa, na kwa mila ya kwetu mimi pia ni mama yako. Mdogo, lakini mama.

Nilikuwa na miaka tisa ulipoletwa huku juu kutoka Lipingo, kule chini ziwani. Mapacha walikuwa wamezaliwa, na dada Konsolata akashindwa kulea watoto watatu kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Siku ya kwanza nilikufunga mgongoni kwa kanga ya bibi yako, fundo likafunguka mlangoni mwa jiko, ukateleza taratibu hadi chini, ukakaa, ukaniangalia. Hukulia. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa unashuka kwa mama yako kuanza kidato cha kwanza. Mambo ya ndoo, sabuni, godoro na kuamka mapema bibi yako ameshayasema mara tatu, na hivi sasa anayasema mara ya nne. Nawasikia kutoka hapa stoo, ninapoandikia juu ya debe lililogeuzwa. Amekukalisha kwenye kigoda uani anakunyoa.

"Tulia, nitakukata sikio."

"Bibi, mkasi unauma."

"Mkasi hauumi. Kichwa chako ndicho kigumu."

Na kaka Bosco, mjomba wako, anapita na jembe begani: "Suruali! Ukinyolewa hivyo mama yako atauliza huyu mvulana ni wa nani."

Unacheka. Umezoea. Mimi sijazoea, na hilo jina ndilo linaloniandikisha barua hii. Nina jambo ambalo nilipaswa kulisema mwezi wa sita mwaka jana. Unanijua: mimi ni mtu ambaye akikuta watu wawili dukani huzunguka nje mpaka watoke. Kwenye karatasi maneno yanakuja. Mdomoni yanakauka. Kwa hiyo nitaandika, nawe utayasoma ukiwa umeshafika, na mimi sitakuwepo kuona uso wako.

Nianzie dukani.

Unakumbuka mwanzoni mwa mwaka jana, nilipokuwa nimerudi nyumbani baada ya kumaliza kidato cha nne. Kila mtu alikuwa ananiangalia kama mgeni aliyekuja na zawadi mfukoni ila hajaitoa. Bibi yako akiulizwa kanisani "Editha anafanya nini sasa?" alikuwa anajibu, "Anapumzika kidogo," na sauti yake ilikuwa inashuka. Basi siku moja nikasema tulime karoti. Nilisema tu, ili kitu kisemwe. Bibi yako akafurahi siku hiyo hiyo, akanikatia kipande cha shamba kule juu ya kahawa.

Nikaenda Mbinga kununua mbegu, kwa Mzee Athumani, yule mwenye duka la pembejeo karibu na soko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu, karibu sana. Nikupatie nini?"

"Mbegu za karoti."

"Zipo za aina mbili. Hii hapa Nantes: ndefu, imenyooka kama mshumaa, tamu, lakini inataka udongo laini wa kwenda chini. Na hii Chantenay: fupi, mabega mapana, haina maringo. Shamba lako lina udongo gani?"

Nyuma yangu kulikuwa na wanaume wawili wanangoja dawa ya kahawa. Nikahisi masikio yamepata moto. Udongo wetu naujua, Adelina. Nimeulima tangu jembe likiwa refu kuliko mimi. Ni mwekundu, mzito, mvua ikinyesha unanata kwenye jembe kama ugali mbichi, na upande wa juu una vijiwe. Ningeweza kusema hayo yote. Nikasema, "Wa kawaida."

"Wa kawaida," akarudia polepole, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. "Haya. Unachukua ipi?"

Nikaonyesha kwa kidole ile ndefu. Kopo lake lilikuwa na picha nzuri.

Hapo kosa lilikuwa moja. Nyumbani nikaliongezea wenzake.

Bibi yako hajui shamba lisilo na ngoro, na ana haki, maana mlima wetu bila yale mashimo ungeshakwenda mtoni zamani. Kaka Bosco akafyeka nyasi, akazilaza kwa miraba. Bibi yako na mimi tukachimba katikati ya kila mraba na udongo tukaufukia juu ya nyasi, kama kawaida, mpaka shamba likawa mashimo na matuta. Kwa maharage hakuna kilimo kizuri kama hicho. Mizizi ya maharage inapita pembeni, inazisubiri nyasi zioze. Lakini karoti inashuka wima. Ikikuta kitu njiani, haisubiri, inagawanyika. Nilisimama pale na jembe, nikafikiria kusema, "Mama, hizi nyasi zingeoza kwanza, tungepanda karoti mwakani." Halafu nikamwona anavyofukia, mgongo wake ulivyozoea ile kazi, na nikajiuliza mimi ni nani wa kumfundisha ngoro. Nikaendelea kuchimba.

Na mbolea. Kaka Bosco alileta ile nyeupe iliyobaki kwenye kahawa. Akautandaza mfuko uani, akaniita mbele ya watu wote: "Haya msomi, tusomee." Nikasoma. Nilisoma Kiingereza vizuri, na nyote mkanyamaza kama mko misani. Akauliza, "Sasa maana yake?" Nikasema, "Inafaa."

Hili ndilo linaloniuma kwa namna ya kuchekesha. Kidato cha tatu niliwahi kuandika kwenye mtihani, kwa Kiingereza safi, kwamba naitrojeni ikizidi, mmea unaotoa mzizi huweka nguvu zote kwenye majani. Mwalimu aliniwekea vema kubwa jekundu. Nililijua jambo lile, ila sikuwahi kulitoa kwenye daftari likafika shambani kwetu. Lilibaki kule darasani, limevaa viatu na soksi. Tukamwaga ile nyeupe kwa konzi. Bibi yako akaongeza samadi ya nguruwe ya wiki ile ile, bado ina joto. Nikaangalia.

Wewe ukapewa kumwaga mbegu kwa sababu vidole vyako ni vyembamba. Nilikufundisha kuzichanganya na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu. Uliinama juu ya kila mfereji umekunja uso kama padre anayemimina divai. Ulifanya vizuri. Ninataka usome hiyo sentensi mara mbili. Ulifanya vizuri.

Mwezi wa tano majani yalifika magotini. Wapita njia walikuwa wanasimama. Bibi yako akawa anawapeleka wageni shambani kabla hajawapa viti. Nami nikaanza kuamini.

Halafu siku ya kung'oa. Ulikimbilia kuwa wa kwanza. Ulishika majani kwa mikono miwili, ukavuta, ukaangukia makalio, na mkononi ulikuwa na kichaka kizima cha majani na chini yake kitu kifupi chenye miguu miwili. Ukang'oa ya pili: mitatu. Kaka Bosco akacheka mpaka akashikilia mti wa kahawa. Bibi yako hakucheka. Alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa jumuiya.

"Nani alimwaga mbegu hizi?"

"Mimi, bibi."

"Ulikuwa unalisha kuku?" Akanigeukia. "Editha, si zimebanana hizi?"

Mkononi mwangu kulikuwa na karoti niliyoing'oa muda ule ule. Katikati ya miguu yake kulikuwa na ubua wa nyasi, mzima, haujaoza, hata kifundo chake kinaonekana. Mzizi ulishuka, ukaukuta, ukapita huku na huku, ukaubana. Nilielewa kila kitu pale pale: nyasi zetu, samadi mbichi, mbolea ya majani, na ile mbegu ndefu niliyoichagua kwa picha. Karoti ilikuwa imeniletea jibu mkononi.

Nikauvuta ule ubua. Nikaukunja ndani ya kiganja. Nikasema, "Ndiyo, zilibanana."

Kuna sehemu mbili tatu zilibanana kweli, na ndiyo maana ule uongo ulinipita kooni kirahisi. Karoti zikibanana zinakuwa nyembamba. Haziwi na miguu. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema.

Lililofuata unalijua nusu. Kaka Bosco alinisindikiza Mbinga na beseni, tukapita mbele ya duka la Mzee Athumani, naye akatoka kabisa barazani: "Binti yangu! Mbona karoti zako zimevaa suruali?" Soko zima likacheka. Akaniuliza tena, kwa upole, nilizipanda kwenye udongo gani. Unajua nilijibu nini? "Wa kawaida, mzee." Mara ya pili! Hadi leo nikikumbuka natafuta pa kujificha.

Kaka Bosco akaibeba ile "suruali" hadi nyumbani, akakuvika wewe. Wiki ilipoisha, hata shuleni wakawa wanakuita hivyo. Ulikuwa unacheka nao. Lakini tulipokwenda kupanda mboga mwezi wa saba ulirudisha mkono nyuma, ukasema, "Mama mdogo, panda wewe, mkono wangu unaharibu mbegu." Ulisema bila kununa, kama mtu anayesema hapendi dagaa. Nilitaka ardhi inimeze.

Badala ya kusema, nikaenda kujifunza. Hiyo nayo ni njia ya kukimbia, nakuonya, maana inafanana sana na kazi.

Nilirudi dukani, nikakaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha, nikamweleza Mzee Athumani yote: wekundu wa udongo, vijiwe, nyasi, nguruwe, konzi za mbolea. Nilisema huku naangalia vidole vya miguu yangu. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Leo ndiyo umenunua mbegu. Siku ile ulinunua picha."

Ndipo nikatengeneza yale matuta manne kule bondeni karibu na kijito, uliyonisaidia kuyamwagilia. Hukuniuliza kwa nini manne, na mimi sikukueleza. Mawili nilipanda ile ndefu, mawili ile fupi. Katika kila aina, tuta moja nilitia samadi ya zamani, ile iliyokaa mpaka ikawa nyeusi na haina harufu, na jingine nilitia ile mbolea nyeupe peke yake. Udongo nililainisha kwa mikono, nikaokota mawe moja moja. Miche ilipofika kimo cha kidole nikaipunguza, na nilisikia vibaya kuing'oa midogo ambayo haijakosa kitu.

Kwenye mbolea nyeupe, aina zote mbili zilinipa majani ya kulishia sungura na mizizi kama mikia ya panya. Kwenye samadi ya zamani, ile fupi ilitoka nene, imejaa, rangi imeiva hadi ndani. Ndefu nayo ilitoka vizuri, imenyooka, isipokuwa mwisho wa tuta ambako chini kuna udongo mgumu. Huko ilipinda kama inayochungulia. Sina hakika na kila kitu. Ni matuta manne tu, na huenda kijito kiliyapendelea yale ya chini. Ila niliona kwa macho yangu kwamba mbegu nzuri kwenye udongo usioifaa ni kazi bure, na kwamba chakula kingi si sawa na chakula kinachofaa.

Mwezi wa kumi tukang'oa. Bibi yako akashika ile nene ya kwanza, akaipangusa kwenye kanga, akaiinua kama mtoto wa ubatizo. Akasema, "Mnaona? Editha akipanda mwenyewe."

Na wewe ulikuwa umesimama pembeni na ndoo. Ndoo ulizobeba mwenyewe miezi mitatu. Ukasema, "Kweli, bibi."

Adelina, kati ya yote, hilo ndilo. Kosa la mwezi wa sita lilinitoka ghafla. Lakini la mwezi wa kumi nilikuwa na muda. Nilikuwa na karoti mkononi, kila mtu anafurahi, hakuna ambaye angenikasirikia. Nikatabasamu, nikapokea sifa.

Nilidhani aibu yangu ni jambo langu mwenyewe, kama mafua. Nikadhani mtu mkimya hamuumizi mtu. Sasa nauona ule ukimya ulivyokwenda: ulitoka kwangu, ukatua kichwani kwako, ukawa jina.

Sasa hivi kaka Bosco amerudi kutoka shambani, na nasikia anasema, "Suruali, huko Lipingo usiguse bustani ya watu, watakufukuza." Bibi yako anacheka. Wewe hucheki safari hii, au mkasi umekukataza. Nimesoma upya niliyoandika, nikaona kitu. Barua hii itakwenda na wewe. Itakusafisha kwako peke yako, na huku nyuma wataendelea kukuita hivyo, nami nitakaa mezani nikisikia. Lililosemwa mbele ya watu haliwezi kufutwa kwenye bahasha.

Ngoja. Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Mikono ina udongo, samahani kwa mwandiko.

Ulikuwepo, uliona, lakini naliandika ili libaki. Nilisimama mlangoni na hakuna aliyeniangalia. Nikasema, "Mama." Sauti haikutoka. Nikasema tena, na hapo ikatoka kubwa mno, mpaka kuku wakakimbia.

"Mama, zile karoti za miguu, Adelina hakukosea. Ni mimi. Zilikuwa nyasi za ngoro hazijaoza, na samadi mbichi, na ile mbolea. Niliukuta ubua katikati ya karoti nikauficha. Nilisema zilibanana. Hazikubanana."

Bibi yako akabaki na mkasi hewani. Akauliza jambo ambalo sikulitegemea kabisa: "Nyasi zangu?"

"Nyasi zetu, mama. Karoti haziwezi ngoro mpya."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nadhani."

"Na ukaniacha nifukie." Alisema polepole. Nikangoja hasira. Akakuinamia, akakupangusa nywele shingoni kwa upande wa kanga, akasema kwa Kimatengo, kwa sauti ya chini, maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtoto: kwamba alikuonea, umsamehe. Kisha kwa Kiswahili, kwangu: "Na wewe, siku nyingine nikifukia ujinga, sema. Sitakuuma."

Kaka Bosco alikuwa amekaa juu ya jembe lake. Akatuangalia mmoja mmoja. "Kumbe Suruali ni Editha!" Nami nikacheka, mwanangu. Nilicheka hadi machozi, na sijui yalikuwa ya nini.

Wewe ulinyoosha mkono tu, kiganja wazi. "Mama mdogo, zile mbegu ziko wapi?"

Kwa hiyo sasa hivi, ninapomalizia hapa, kuna tuta moja kule nyuma ya jiko lenye mstari wako. Ulikwenda kichwa kimenyolewa upande mmoja, bibi yako anapiga kelele, "Adelina! Kichwa kimebaki nusu!" na wewe umechuchumaa, umekunja uso kama padre, unamimina. Ulichagua ile fupi. Hukuniuliza. Ulishika udongo, ukaufinyanga, ukasema, "Huu unanata," ukachagua.

Kwenye pindo la kitenge nilichokupa nimefunga mafundo mawili ya mbegu. Fundo kubwa ni la ile ndefu, dogo ni la ile fupi. Ipi itafaa huko sijui. Kwenu kuna mchanga na joto, na karoti inapenda baridi. Labda mngoje mwezi wa sita, labda mchanga ule utaipenda ile ndefu kuliko mlima wetu ulivyoipenda. Siujui udongo wa Lipingo. Muulize mama yako, muulize jirani yeyote mwenye bustani, na akikuuliza swali mwambie unachokijua, chote, hata kama kuna watu nyuma yako. Hata kama masikio yanapata moto. Yanapoa, nimethibitisha leo.

Mstari wako nimeufunika nyasi ili mvua isiuchimbe. Juu, Adelina. Juu tu. Mbegu zikianza kuota nitaziondoa hizo nyasi, miche nitaipunguza kwa niaba yako, na ukija likizo ya Pasaka utang'oa mwenyewe, na bibi yako atakuwa amesimama pale, na Bosco pia.

Zikitoka zimenyooka, ni zako. Zikitoka na miguu, nitamwambia kila anayepita kwamba ni zangu.

Mama yako mdogo,
Suruali